Sili Mbili na Amana ya Kisichoonekana

 

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona kuwa katika kurasa hizi, ulizozizoea kwa khabari za sala na zaka na malezi ya watoto, mzee wa chuoni anakuja kuandika juu ya injini ya gari. Mimi si fundi. Elimu yangu niliipata juu ya mkeka, mbele ya masheikh, na mpaka leo sijui kuvua hata gurudumu. Lakini sharia yetu haikomei mlangoni mwa msikiti, na mas-ala niliyokuja nayo leo yalinifika nikiwa nimesimama gerejini, kanzu nimeikusanya kwa mkono isiguse mafuta. Ni mas-ala ya amana. Na kwa ajili yake watoto kumi na wanne walikuwa karibu kufa mikononi mwangu.

Mas-ala yenyewe ni haya. Fundi ameitwa kufanya kazi moja. Amefungua, na humo ndani akaona kitu cha pili, ambacho hakijaharibika lakini kimo njiani kuharibika. Mwenye mali hakioni. Na hata akionyeshwa, hakijui. Je, fundi yamlazimu nini? Na mwenye mali, akishaambiwa, yeye yamlazimu nini? Nimewasikia watu wakiuliza swali la kwanza na kulirudia, khasa wakishaibiwa. La pili sikupata kulisikia, wala mimi mwenyewe sikuliuliza mpaka liliponifika.

Ili unifahamu, yanipasa nikueleze kidogo injini, kama nilivyoelezwa. Ndani yake mna shafti mbili. Ya chini huitwa krenki, nayo huzungushwa na pistoni zinapopanda na kushuka. Ya juu huitwa kamshafti, na kazi yake ni kufungua na kufunga valvu, ndiyo milango midogo ambayo hewa huingilia na moshi hutokea. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, wala hazifai kupishana hata kwa jino moja. Katika injini nyingi kinachozifunga pamoja ni mkanda wa taimingi, mkanda wa mpira wenye meno, umetiwa nyuzi ngumu ndani yake usivutike. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa namna hii lilikuwa Glas 1004, la Ujerumani, mwaka 1962. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa kwa mnyororo wa chuma au kwa giya, na injini nyingine ni hivyo hata leo. Mkanda ni mwepesi na hauna kelele, ila una umri. Katika injini kadhaa za dizeli za Toyota, zile zilizomo katika HiAce nyingi za barabara zetu, gari likitimiza kilomita 100,000 huwaka taa mbele ya dereva iliyoandikwa T-BELT, kumwambia kuwa mkanda umekwisha muda wake.

Ukikatika gari likienda, kamshafti husimama papo hapo, na valvu zilizokuwa wazi hubaki wazi. Pistoni nazo bado zapanda kwa nguvu zake, zikazigonga. Ziko injini za petroli zilizopewa nafasi ya kutosha visigongane; za dizeli karibu zote hazina nafasi hiyo, kwa sababu lazima ziishindilie hewa sana mpaka ipate joto la kuwasha mafuta.

Sasa, kila mahali ambapo shafti hutokeza nje kuja kuushika mkanda, pana tundu, na upande wa pili wa tundu mna oili. Kinachoizuia oili isitoke ni sili: duara la mpira lenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti, na nyuma ya mdomo huo mna springi nyembamba mfano wa uzi, inaukaza. Usiidharau kazi hii ya kuziba. Ismail al-Jazari, Mwislamu aliyewatumikia wafalme wa Artuq huko Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, na katika ufundi alioueleza humo ni kusaga kizibo cha valvu na kitako chake kwa unga wa kusugulia mpaka maji yasipate pa kupenya. Yeye alijua kuwa mtambo wote, pamoja na magurudumu yake na mapambo yake, hufa kwa mwanya usioonekana kwa jicho.

Joto na miaka huugeuza mdomo wa sili ukawa mgumu kama ukucha. Hapo huanza kupitisha oili: kwanza jasho, kisha tone, kisha mchirizi. Na oili ni adui wa mkanda. Mpira huvimba, hulegea, na meno hutoka. Na ili kuifikia sili ile lazima uuvue mkanda na vyote vilivyo mbele yake. Kwa hivyo kubadilisha sili peke yake ni kazi ileile ya kubadilisha mkanda, lakini mkanda ukiwa umekwisha kuvuliwa, sili ni kazi ya muda mchache na fedha kidogo. Ndiyo maana mafundi husema, ukifungua kwa mkanda badilisha na sili. (Iko sili nyingine ya krenki, ya nyuma, upande wa giriboksi. Hiyo haifikiwi kwa njia hii. Fundi akikuhesabia kuwa ameibadilisha alipokuwa akibadilisha mkanda, na giriboksi haikushushwa, mwulize alipitia wapi.)

Basi madrasa yetu ina HiAce ya dizeli, ambayo wazazi walichangishana wakainunua na kuifanya wakfu, iwachukue watoto wanaotoka mbali. Mimi ndiye niliyewekwa msimamizi wake. Mwaka 2017, baada ya Idi ya Mfunguo Mosi, ile taa iliwaka, nikaipeleka gari kwa fundi mmoja kijana ambaye zamani alisoma kwangu. Nilipokwenda kuangalia alikuwa amekwisha kufungua. Akanipa salamu, akafuta mikono, akasema:

"Maalim, mkanda nimeuvua. Lakini nakuomba na hizi sili mbili tuzitoe, ya krenki na ya kamshafti. Zote mbili shilingi 1,800, na kazi yake sikuhesabii."

Nikamwuliza, "Zinavuja?"

"Hazivuji, Maalim. Zina jasho."

"Jasho si kuvuja, mwanangu. Wewe nimekuitia mkanda."

Alinitazama, akawa kama anataka kusema neno, kisha akainamisha kichwa. "Ewallah, Maalim."

Nitakwambia kweli, ndugu msomaji, lililokuwa moyoni mwangu saa ile. Baadaye niliwaambia watu kuwa nilikuwa nazihurumia fedha za wakfu. Sivyo. Niliwaza: hawa mafundi ndivyo walivyo, humwita mtu kwa moja wakamtoa na kumi. Kijana yule alihifadhi Arubaini ya Imamu Nawawi mbele yangu, na hadithi ya saba ya kitabu hicho, aliyoipokea Tamim ad-Dari, ndiyo iliyoifanya nasaha kuwa ni dini yenyewe. Nilimtajia mara ngapi! Akaja kunipa nasaha ile niliyomfundisha, nami nikamtia katika hesabu ya wezi.

Ikapita miezi tisa. Mwezi wa Aprili 2018 tulikuwa twaenda Malindi kwa mashindano ya kuhifadhi Qurani, na mvua za masika zimeanza. Tulipokuwa baina ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, injini ilitoa mlio kama wa sufuria iliyoanguka juu ya saruji, kisha kimya. Injini ikizimika, usukani huwa mzito na breki huwa ngumu, kwa kuwa msaada wa vyote viwili watoka kwa injini. Dereva aliliburura gari kwa mikono miwili mpaka magurudumu ya kushoto yakatoka lami. Ya kulia yakabaki barabarani. Nyuma yetu palikuwa na basi. Lilitupita ubavuni likipiga honi, upepo wake ukalitikisa gari letu zima. Watoto hawakupiga kelele. Walikuwa wakizirudia sura zao kwa ajili ya mashindano, na mmoja wao aliendelea kusoma kama kwamba hapana kilichotokea, mpaka alipomaliza aya yake. Hakuumia hata mmoja, alhamdulillahi.

Gari lilivutwa mpaka gereji ileile. Kijana alivua kifuniko, akautoa mkanda vipande. Ulikuwa umelowa oili, umevimba, na sehemu moja meno yamenyoka yote. Katika valvu nane za injini ile, sita zilikuwa zimepinda. Taa ya T-BELT haikuwaka, wala isingewaka, kwani taa ile huhesabu kilomita tu. Haijui kuwa mkanda umelowa. Matengenezo yalikuwa shilingi 64,000 na ushei. Mimi nilisimama pale, na kijana hakunitajia lile neno la mwaka uliopita hata kwa kuashiria. Laiti angalinilaumu.

Nikarejea nyumbani nikavifungua vitabu, kama afanyavyo mtu wa chuoni akiwa na dhiki, anatafuta pa kujificha au pa kutokea.

Ama fundi anayesema nimebadilisha, naye hakubadilisha, huyo sina haja ya kurefusha maneno juu yake. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, juu kavu na chini imelowa, akamkana mwenye kufanya hivyo kuwa si katika wenzake. Kifuniko cha mkanda ni chungu ya nafaka. Juu ni kavu.

Yuko wa pili, ambaye watu humwona mwema: abadilisha kila anachokiona kimechoka, bila ya kukuuliza, kisha akuletea hesabu. Huyu nia yake huenda ikawa safi, lakini katika madhehebu yetu ya Shafi hana haki ya ujira wa asichoagizwa. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi utaona kuwa hata mtu aliyempa fundi nguo aishone, na ujira haukutajwa baina yao, kauli yenye nguvu ni kuwa fundi hapati kitu, ingawa wako waliosema anapata akiwa ni mwenye kujulikana kwa kazi hiyo. Ikiwa hivyo kwa aliyepewa kazi, je, kwa ambaye hakupewa? Mali ni ya mwenyewe, na ujuzi wa fundi haumfanyi kuwa ndiye mwenye mali. Anachopasiwa ni kusema.

Lakini kusema namna gani? Hapa ndipo nilipokaa sana. Kijana wangu alisema. Alisema mara moja, kwa maneno machache, akanyamazishwa akanyamaza. Je, amekwisha kuvua deni lake? Nikakumbuka khabari ya Jarir bin Abdillah (r.a.), aliyempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumnasihi kila Mwislamu. Mtumwa wake aliyemwacha huru alimnunulia farasi kwa dirham 300. Jarir alipomwona farasi alimwambia mwenye kuuza kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akawa yeye mnunuzi ndiye anayempandishia bei, mia baada ya mia, mpaka akamlipa 800. Tazama: alisema, akarudia, akarudia tena, na kila neno lilikuwa linamtoa fedha yeye mwenyewe. Nasaha siyo kulitupa neno ukapumzika. Ni kuhakikisha kuwa limemfika uliyemkusudia. Fundi angaliweza kunishika mkono akanikalisha chini, akanionyesha kwa tochi ule uwanda wa oili chini ya sili, akaniambia, "Maalim, hii ikishuka ikiufika mkanda, utakatika, na ukikatika injini imekwenda." Hayo hakuyasema. Alisema "zina jasho," neno ambalo fundi mwenzake angelifahamu, na mimi sikulifahamu.

Na kwa nini hakuyasema? Kwa sababu mimi ni mwalimu wake. Heshima tuliyompandikiza ndiyo iliyomziba mdomo. Ndugu zangu waalimu, hili limeniuma kuliko zile shilingi. Tunawafundisha watoto wasimkatize mkubwa, wasirudie neno mkubwa akishasema, wainamishe macho. Na ni adabu nzuri, wala sisemi tuiache. Lakini sikumbuki kuwa nilipata hata siku moja kumfundisha mtoto namna ya kumrudia mkubwa kwa adabu pale mkubwa anapokosea. Masahaba walikuwa wakimwuliza Mtume (s.a.w.) vitani kama jambo fulani ni amri ya Mwenyezi Mungu au ni rai, na ikiwa ni rai, wakatoa yao. Alifanya hivyo al-Hubab bin al-Mundhir siku ya Badri, katika khabari iliyo mashuhuri ndani ya vitabu vya sira, na kambi ikahamishwa mpaka penye visima. Na mimi ni nani hata nisirudiwe neno juu ya sili ya HiAce?

Kwa hivyo sikuona kuwa kijana ana dhambi. Niliona alipunguza kidogo, na kile alichokipunguza nilikuwa nimekizuia mimi.

Sasa nije kwangu. Wazazi walipokutana waliniambia, "Maalim, usijitie udhia, ni qadari." Neno hili sisi watu wa pwani tunalo ulimini muda wote, na ni neno la kweli, ila twalitumia mahali pa kulipia deni. Mwaka wa 18 Hijria, Sayyidna Umar (r.a.) alirudi njiani alipopata khabari kuwa tauni imeingia Sham. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari, jibu lake lilikuwa kwamba hata huko anakokwenda ni katika qadari ya Mungu vilevile. Sili ya shilingi 900 nayo ni qadari, msomaji. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila ya kamba akamtegemea Mungu, unajua alivyojibiwa.

Mwenzangu mmoja katika masheikh alinitetea kwa hoja nzuri zaidi. Alisema: Kutoa kitu ambacho hakijaharibika ukakitupa ni israfu, khasa katika mali ya wakfu, wewe ulizuia israfu, basi huna lawama. Nikaipima hoja hii kwa chombo cha baharini. Jahazi likipandishwa pwani kwa ajili ya kupakwa shahamu, kalafati hupita katika maungano yote ya mbao kwa patasi yake, na pale pamba inapokuwa imechakaa huing'oa na kutia mpya, ijapokuwa maji hayajaingia. Hakuna nahodha anayemwambia, "Ngoja mpaka tufike kati ya bahari tuone kama panavuja." Kwa sababu gharama si pamba, gharama ni kulipandisha jahazi. Na thamani ya pamba haihisabiwi kwa bei yake, huhisabiwa kwa kile inachokilinda, nacho ni jahazi na roho zilizomo. Israfu ni kutumia pasipo haja. Mimi kwa kuokoa 1,800 nilitumia 64,000. Niambie nani aliyefanya israfu.

Lakini nimfanyie uadilifu mwenzangu, maana mafundi wenyewe wamekhitalifiana. Nilikwenda kuwauliza wengine wawili, wazee wa kazi. Mmoja alisema kila ukivua mkanda toa sili, usiulize. Wa pili alisema sili kavu kabisa usiiguse: ukiichokoa kwa bisibisi ukaikwaruza shafti, au ukaitia mpya kombo, au ukausahau mdomo wake bila kuupaka oili, itavuja vibaya kuliko ile ya zamani. Na hii ni kweli. Kwa hivyo, lau kama sili zile zingalikuwa kavu, na fundi angalishauri ziachwe, na mimi nikafuata shauri lake, kisha likatokea lililotokea, nisingekuwa na lawama mbele ya mtu yeyote. Mambo ya namna hii hurejeshwa kwa wenye ujuzi wake, na wenye ujuzi wakikhitalifiana, kila rai ina pa kusimama.

Ila mimi sikusimama juu ya rai yoyote. Hapa ndipo kila kitabu nilichokifungua kiliponirejesha. Sikumwuliza kijana, "Jasho ni nini?" Sikumwambia, "Nionyeshe." Sikwenda kwa fundi wa pili siku ile, nilikwenda baada ya miezi tisa. Nilikataa kwa dhana. Na katika Suratul Hujurat tumeamrishwa tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Tumezoea kuifahamu aya ile juu ya wanawake na majirani, nani alitoka na nani aliingia. Hatuifahamu katika gereji, wala kwa fundi bomba, wala kwa daktari, wala kwa kijana anayetutengenezea simu. Huko tunaona dhana mbaya ni werevu. Mwenye kudhani kila fundi ni mwizi hujiona amesimama imara sokoni. Kumbe fundi mwaminifu, akishadhaniwa hivyo mara tatu, nne, huacha kusema, kwani kusema kwake hakumpatii ila tuhuma. Akabaki anayesema yule mwongo peke yake.

Wala sisemi umwamini kila mtu ukafumba macho. Kuuliza si dhana mbaya. Kutaka kuonyeshwa kitu cha zamani kilichotolewa si dhana mbaya, na fundi mwema hukuwekea mwenyewe ndani ya karatasi. Dhana mbaya ni kuhukumu kabla ya kuuliza. Na mara nyingi kinachotuzuia kuuliza ni kiburi, kwamba mzee mzima aonekane hajui.

Juu ya dhamana, wanavyuoni wana maneno. Wafuasi wa Imamu Malik humdhaminisha fundi kitu kikiharibika mkononi mwake, kwa kuzilinda mali za watu. Kwetu, kauli yenye nguvu ni kuwa mkono wa fundi ni mkono wa amana, hadhamini ila kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe. Kijana wangu hana dhamana kwa kauli hii, alifanya alichoagizwa. Msimamizi wa wakfu naye mkono wake ni wa amana, na hukumu yake ni ileile, hadhamini ila kwa uzembe. Mwenzangu alisema uzembe haukuthibiti. Mimi nilisema umethibiti, kwa ushahidi wa moyo wangu, ambao yeye hakuweza kuusikia. Nikauza kipande cha shamba nililorithi, nikalipa. Wazazi walikasirika, wengine mpaka leo wanaona niliwaaibisha.

Ungedhani mambo yameisha hapo, lakini kuna lililobaki, na ndilo lililonifanya niandike.

Kijana alipokuwa akiiunganisha injini alikuja nyumbani usiku baada ya Isha. Hakutaka kukaa. Akasema, "Maalim, kuna jambo. Lile bomba la pumzi ya injini nimelikuta limeziba kwa masizi. Pumzi ikikosa pa kutokea, injini husukuma oili ipite kwenye sili. Mwaka jana sikulitazama. Hata tungalibadilisha sili, pengine zingalivuja tena." Kisha akanyamaza, akaongeza, "Nilitakiwa nilitazame."

Nilikwambia mwanzo kuwa mas-ala haya ni ya kisichoonekana. Bomba lile hakuliona ila yeye, katika gereji, peke yake. Angalilisafisha akalirudisha, pasingekuwa na mtu duniani wa kumwuliza. Mimi nilikuwa nimekwisha kubeba lawama yote na kuilipa. Alikuja kujitwika sehemu ambayo hapana aliyeijua kuwa ipo.

Sikujua la kumhukumia. Je, kuacha kulitazama bomba ni uzembe, ikiwa aliitwa kwa mkanda tu? Yeye alisema fundi mzuri hulitazama. Nilisema hukuagizwa. Akasema, "Na sili pia sikuagizwa, Maalim, na nilizitazama." Hapo nilikosa jawabu, na mpaka leo sina jawabu madhubuti. Hakutaka ujira wa kazi ya kufungua na kufunga. Nilimlazimisha auchukue, kwa kuwa mfanyakazi amewekewa haki yake alipwe kabla jasho lake halijakauka. Akauchukua nusu, nusu akaiacha juu ya mkeka, akatoka. Nusu ile niliitia katika sanduku la wakfu, kwa kuwa sikuona ni ya kwangu.

Mwaka 2022 taa iliwaka tena. Safari hii kijana, ambaye sasa ana vijana wake anaowafundisha, hakungoja niende. Alimtuma mmoja aniite. Nilikwenda na shuka kuukuu badala ya kanzu. Alikuwa amezitandika sili mbili za zamani juu ya gazeti, na pembeni bomba la pumzi, safi. Akanipa moja niishike, nikaubonyeza mdomo wake kwa kidole; haukurudi.

"Zitoe," nikamwambia.

"Zimeshatoka, Maalim. Ndizo hizo. Nauliza kama nitie mpya za Japani au hizi nyingine."

Nikamwuliza tafauti yake ni nini. Akavuta kigoda, akaniwekea nikae, akaanza kunieleza.